Skana Imeuona Ufunguo, Haikumwona Aliyeuweka

Skana imemaliza kazi na kuacha mstari mmoja mwekundu. Mstari unasema kwamba chini ya HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System kuna thamani iitwayo DisableTaskMgr, kwamba imewekwa 1 wakati iliyo salama ni 0, na kwamba hilo ni badiliko ambalo huenda mwenye kompyuta hakulitaka. Chini yake kuna vitufe viwili, cha kuondoa na cha kupuuza. Hakuna jina la kirusi, hakuna faili lililotajwa, hakuna tarehe. Mtu aliyetaka tu kuchapisha barua yake anatakiwa aamue jambo ambalo programu yenyewe, pamoja na maabara iliyoiunda, imeshindwa kuliamua.

Wengi huamua kwa hofu au kwa kuchoka. Mwenye hofu huondoa kila kilichoandikwa kwa rangi nyekundu. Aliyechoshwa na maonyo huyapuuza yote, na siku ya siku kengele ya kweli inalia mbele yake naye anaifunga kama alivyozifunga zile nyingine. Kuna pia wanaomwita fundi, ambaye mara nyingi ana tabia mojawapo kati ya hizo mbili, ila yeye analipwa.

Nadhani ugumu unaanzia kwenye swali lenyewe. Tunauliza kama ufunguo fulani wa rejista ni mbaya, ilhali nyingi za funguo zinazolalamikiwa hazina ubaya wala uzuri zenyewe kwa zenyewe. Ni maagizo. Agizo huhukumiwa kwa kumjua aliyelitoa na alichokuwa anakitaka, na hayo ndiyo mambo ambayo skana haiyaoni.

Rejista ni ghala la mipangilio ya Windows. Ilianza na umbo dogo katika Windows 3.1 mwaka 1992, ikapanuka katika Windows NT mwaka uliofuata, kisha Windows 95 ikaifanya makao ya karibu kila kitu kilichokuwa kimetawanyika kwenye mafaili madogo ya .ini. Leo kompyuta ya kawaida ina maingizo mamia ya maelfu. Yale ya mashine nzima yamo kwenye mafaili kama SYSTEM na SOFTWARE ndani ya C:\Windows\System32\config, na ya kila mtumiaji yamo kwenye NTUSER.DAT iliyo katika folda yake. Programu inayoendeshwa na mtumiaji wa kawaida inaweza kuandika mahali pengi katika sehemu ya mtumiaji huyo bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Na hapa ndipo penye kiini cha tatizo: rejista haiandiki jina la mwandishi. Thamani iliyowekwa na msimamizi wa ofisi, iliyowekwa na programu ya muziki na iliyowekwa na kirusi zinafanana herufi kwa herufi.

Skana kwa hiyo hufanya inachoweza. Katika bahari hiyo ya maingizo inachunga sehemu chache ambazo wavamizi huzipenda: ufunguo wa Run, unaosema kipi kianze kila mtu anapoingia, Shell na Userinit chini ya Winlogon, AppInit_DLLs, na zile sera za kuzima vifaa vya kujikinga. Ikikuta humo kitu tofauti na hali ya kiwandani, inasema.

Haisemi bure. Aliyetumia kompyuta za umma katika miaka ya 2000, wakati flashi moja ilizunguka mikono ya darasa zima, anajua hali ya kutaka kufungua Task Manager na kuambiwa kwamba msimamizi ameizima, na msimamizi hayupo. Brontok, mnyoo wa Indonesia, ulizima kihariri cha rejista na kuondoa menyu ya Folder Options ili mtu asiweze kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Conficker, ulioanza kuenea mwishoni mwa 2008, uligeuza thamani iitwayo CheckedValue kuwa 0, hivyo mtu alipochagua kuonyesha mafaili yaliyofichwa, chaguo lilijirudisha lenyewe. Tabia hizo ziliingia kwenye kumbukumbu za watengenezaji wa skana na hazijatoka. Ndiyo maana 1 ile ya DisableTaskMgr inaonekana kama alama ya kidole cha mhalifu.

Lakini mwenye intaneti kafe naye alitaka Task Manager izimwe, maana wateja walikuwa wanaitumia kuifunga programu inayohesabu dakika zao. Mwalimu wa maabara ya kompyuta alitaka hivyohivyo. Kampuni yenye mashine mia nne huandika sera hizo mara moja kwenye seva na zikasambaa zenyewe. Zote ni 1 ileile. Malwarebytes iliunda kundi zima kwa ajili ya mambo ya aina hii, ikaliita PUM, yaani mabadiliko ambayo huenda hayakutakiwa, na ndani yake mna majina yanayotisha kuliko yaliyomo: kwa muda mrefu mtu aliyeondoa tu alama ya Documents kwenye menyu ya Start aliweza kuambiwa kwamba menyu yake imetekwa. Amejiteka mwenyewe, kwa kubonyeza panya.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kinga inayodhaniwa ugonjwa. Spybot na SpywareBlaster, programu mbili zilizokuwa maarufu enzi za Windows XP, zilikuwa na kitufe cha kuchanja kompyuta. Chanjo yenyewe ilikuwa orodha ndefu ya tovuti mbaya iliyoandikwa kwenye rejista chini ya ZoneMap\Domains, kila jina likiwa na namba 4. Skana nyingine ikija na orodha yake ya majina mabaya, inayakuta yote yamejipanga, inapiga yowe. Ila 4 maana yake ni ukanda wa tovuti zilizozuiwa. Zinazoaminiwa hupewa 2. Ndivyo ilivyokuwa pia chini ya ufunguo wa ActiveX Compatibility: kitambulisho cha kijiprogramu kibaya kiliandikwa pale, kikiwa na bendera yenye thamani 0x400, nayo iliiamuru Internet Explorer isikipakie kamwe. Aliyefuta mistari hiyo ili kusafisha kompyuta alifungua milango iliyokuwa imefungwa. Skana ilisoma jina ikaacha kusoma namba, na mtu aliyesoma hadi mwisho wa mstari angejua zaidi yake.

Nyakati nyingine kosa liko kwenye miwani ya skana. HijackThis, chombo kilichotumiwa sana na wasaidizi wa kujitolea kuorodhesha yaliyomo kwenye sehemu nyeti, iliandikwa wakati Windows ya watu wa kawaida ilikuwa ya biti 32. Ilipoendeshwa kwenye Windows ya biti 64, ripoti yake ilijaa huduma za Windows zenyewe zikiwa na maneno kwamba faili halipo, kwa mfano C:\Windows\System32\alg.exe. Faili lilikuwepo. Windows huielekeza programu ya biti 32 inayoomba System32 kwenye folda nyingine, SysWOW64, bila kuiambia, na rejista pia ina chumba pacha kiitwacho Wow6432Node. Chombo kilitazama chumba cha jirani kikaripoti wizi. Kuna walioziondoa huduma hizo kwa nia njema kabisa.

Sasa tuiweke hesabu mezani, kwa kuwa bila hesabu mtu hubaki na hisia tu. Tuseme kuna kompyuta 10,000, na kati yake 10 zimevamiwa kweli. Tuseme skana ni nzuri mno: inawakamata wavamizi wote 10, na katika kompyuta safi inakosea moja tu kwa kila mia. Kompyuta safi ni 9,990, kwa hiyo takriban 100 zitapigiwa kengele bila sababu. Kengele zote ni kama 110, za kweli ni 10. Mwenye kompyuta anayeona onyo ana uwezekano wa moja kati ya kumi na moja hivi kwamba kweli amevamiwa, ingawa skana ni sahihi kwa asilimia 99. Mwaka 1999 Stefan Axelsson, mtafiti wa chuo cha Chalmers kule Uswidi, aliandika juu ya mtego huu katika mifumo ya kugundua uvamizi, akaonyesha kwamba kinachoiangusha mifumo hiyo ni wingi wa makosa yake madogo kwenye mambo yasiyo na tatizo, zaidi ya uwezo wake wa kukamata wavamizi.

Hesabu hiyo inaninyima starehe ya kusema kwamba kuondoa ndiko salama. Tarehe 21 Aprili 2010 McAfee ilitoa sasisho namba 5958 la orodha yake ya virusi. Kwenye Windows XP yenye Service Pack 3, sasisho lilimwona svchost.exe, mojawapo ya mafaili ambayo Windows haiwezi kuishi bila hayo, kuwa kirusi kiitwacho wecorl.a. Likamfungia karantini. Kompyuta zikaanza kujizima na kujiwasha, mtandao ukakatika, na kwa kuwa mtandao ulikatika haikuwezekana kuzipelekea sasisho la marekebisho. Mafundi walitembea kutoka meza hadi meza wakiwa na diski. Baadhi ya hospitali za jimbo la Rhode Island, Marekani, ziliahirisha baadhi ya upasuaji. Septemba 2022 Defender ya Microsoft nayo kwa muda iliita Chrome na programu kadhaa za familia yake kuwa Hive.ZY, kila zilipofunguliwa, hadi sasisho jipya lilipotoka. Onyo la ghafla linalowapata watu wengi siku moja, mara tu baada ya sasisho, kwa kawaida ni kosa la mtengenezaji, na dawa yake ni kusubiri saa chache bila kufuta chochote.

Na yupo anayepiga kengele kwa sababu kengele ndiyo biashara yake. Programu za bure za kusafisha rejista huja na tarakimu kubwa, makosa mia nane, makosa elfu mbili, halafu kitufe cha kulipia. Mengi ya hayo makosa ni mabaki: ufunguo wa programu iliyoondolewa zamani, njia ya faili lisilokuwepo tena. Hayadhuru wala kuifanya kompyuta iwe nzito. Machi 2019 kampuni ya maduka ya Office Depot na mshirika wake Support.com walikubali kulipa dola milioni 35 kumaliza shauri la Tume ya Biashara ya Marekani, iliyodai kwamba kipimo chao cha afya ya kompyuta kilitangaza dalili za uvamizi kutokana na majibu ya maswali manne aliyoulizwa mteja mwanzoni, wala si kutokana na kilichoonekana ndani ya mashine. Kuanzia Machi 2018 Microsoft nayo iliamua kuzihesabu programu za kutishia watu ili wanunue kuwa zisizotakiwa. Kwa hiyo kabla ya kusoma onyo soma jina la anayeonya. Kama hukumwita, ameshajibu sehemu ya swali.

Baada ya haya yote ni rahisi kuhitimisha kwamba maonyo ya rejista ni porojo. Mambo mawili yananizuia.

La kwanza ni la Oktoba 2005. Mark Russinovich, mmoja wa waanzilishi wa Sysinternals, alikuwa anajaribu toleo jipya la chombo chake, RootkitRevealer. Chombo hicho kilisoma rejista mara mbili, mara moja kwa kuiuliza Windows na mara ya pili kwa kuyasoma mafaili yake moja kwa moja kwenye diski, kisha kikaorodhesha tofauti. Tofauti hazikuwa jambo la ajabu. Karibu kila Windows XP ilitoa mistari kama HKLM\SECURITY\Policy\Secrets\SAC* na SAI*, ambayo ni ya Windows yenyewe, na waliokuwa na programu ya Daemon Tools walipata ufunguo wa sptd uliofichwa makusudi. Mtu aliyezoea angesema ni kengele ya uongo akaenda kulala. Yeye alikuta folda, viendeshi na funguo za rejista zilizofichwa ambazo majina yake yalianza na $sys$, na hakuweza kusema nani kaziweka. Alifuatilia hadi akafika kwenye kampuni ya Uingereza iitwayo First 4 Internet, na kutoka hapo hadi kwenye CD ya kikundi cha Van Zant aliyokuwa ameinunua, iliyotolewa na Sony BMG. Programu ya kuzuia unakili ilikuwa imejisakinisha na kuficha kila kitu kilichoanza kwa herufi hizo. Katika muda wa majuma machache virusi vilianza kujipa majina ya $sys$ ili vifichike chini ya shuka hiyohiyo. Sony BMG ilizirudisha CD hizo kutoka madukani.

Aliyeandika funguo zile alikuwa kampuni halali yenye anwani na wanasheria. Ndiyo maana siridhiki na ile kanuni ya haraka kwamba kikiwa cha kampuni inayojulikana basi hakina neno.

La pili lina ukali zaidi, kwa sababu liliipata programu ya kusafisha rejista. CCleaner toleo 5.33, lililotolewa tarehe 15 Agosti 2017, lilikuwa na mlango wa nyuma uliopandikizwa na wavamizi walioingia kwenye mtambo wa kuitengeneza. Lilikuwa na sahihi ya kidijitali halali ya kampuni. Lilipakuliwa kutoka seva rasmi. Kumbukumbu zake liliziweka chini ya HKLM\SOFTWARE\Piriform\Agomo, yaani ndani ya chumba cha kampuni yenyewe, Piriform. Kampuni zilizolibaini, Morphisec na Cisco Talos, ziliona onyo likitoka kwenye programu ambayo mamilioni waliiamini. Habari zilipotangazwa tarehe 18 Septemba ilikadiriwa kwamba kompyuta milioni 2.27 zilikuwa na toleo hilo. Kwa vipimo vya kawaida vya fundi, jina la kampuni, mahali pa ufunguo na sahihi, onyo lile lingepita kuwa la uongo mara tatu.

Basi mtu aliyekaa mbele ya mstari mwekundu afanye nini? Kwanza asome anwani yote hadi namba ya mwisho, kwa sababu ZoneMap imetufundisha. Kisha aangalie kama thamani inaelekeza kwenye faili. Nyingi za zile zinazoogopwa kwa haki, za Run hasa, huishia kwenye njia ya faili, na faili huchunguzika kuliko ufunguo. Faili lililo ndani ya Program Files lenye jina la programu uliyoisakinisha mwenyewe ni habari moja. Lililo ndani ya AppData\Local\Temp likiwa na jina la herufi zilizorushwarushwa ni habari nyingine. Hashi ya faili hilo, yaani namba ndefu inayolitambulisha, inaweza kutafutwa VirusTotal, huduma iliyoanzia Málaga, Hispania, mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Hashi inatosha, faili la ofisi lenye siri halipandishwi huko. Skana moja au mbili zisizo na jina zikilalamika kati ya sabini, na faili limejulikana kwa miaka, mimi hulala. Ikiwa lilionekana duniani kwa mara ya kwanza jana, silali, hata kama zote sabini zimekaa kimya.

Ziko thamani zisizoelekeza kwenye faili lolote na bado ni mbaya. Mwaka 2014 Poweliks ilionyesha hivyo: ilihifadhi msimbo wake wote ndani ya rejista, na kwenye Run iliacha amri ndefu ya rundll32 yenye neno javascript ndani yake. Amri inayoita rundll32, mshta au powershell na kufuatwa na utitiri wa herufi zisizosomeka haihitaji mjadala mrefu. Programu halali hazina sababu ya kujieleza kwa mafumbo.

Saa pia husaidia, ingawa watu wachache wanajua ilipo. Rejista huweka saa ya badiliko la mwisho la ufunguo, si ya kila thamani iliyo ndani yake, na regedit haiionyeshi kwenye dirisha. Ukiusafirisha ufunguo kama faili la .txt badala ya .reg, saa inajitokeza juu ya orodha. Ikilingana na jioni uliyosakinisha printa, umepata mtuhumiwa mwenye udhuru mzuri. Isipokuwa Windows imejiboresha kwa toleo kubwa hivi karibuni, maana hapo funguo nyingi huandikwa upya na saa zake hazina ushahidi.

Lakini njia ninayoiamini kuliko zote ni kumkamata mwandishi akiandika. Hifadhi nakala ya ufunguo kwa .reg, uondoe, washa upya, ngoja. Ufunguo usiporudi, yaelekea ulikuwa mabaki au uamuzi wa zamani wa mtu. Ukirudi, kuna kitu hai kinachouandika, na Process Monitor, chombo kingine cha Sysinternals kinachopatikana bure kwa Microsoft, kitamtaja: chuja kwa anwani ya ufunguo na kwa tendo la RegSetValue, kisha uone ni mchakato gani. Kwenye kompyuta ya kampuni usishangae ufunguo ukirudi baada ya saa moja na nusu hivi. Kwa kawaida sera za seva huangaliwa upya kila dakika 90, na nyongeza ya nasibu isiyozidi 30. Huyo ni msimamizi wako, na kupambana naye kwa antivairasi hakutakufikisha popote.

Kuna ufunguo mmoja ambao hukusanya hali zote hizi mahali pamoja. Chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion kuna Image File Execution Options. Ukiandika humo jina la programu na kuipa thamani iitwayo Debugger, Windows itaendesha hicho ulichokitaja badala ya programu iliyoombwa. Ufunguo huo uliwekwa kwa ajili ya watunzi wa programu wanaotafuta hitilafu. Programu ya Process Explorer ukiiambia ichukue nafasi ya Task Manager huandika hapo hapo, taskmgr.exe, na skana hulalamika. Ni kengele ya uongo na wewe unajua, kwa kuwa ulibonyeza mwenyewe. Badala yake weka sethc.exe, na Debugger iwe cmd.exe. Sasa yeyote aliyesimama mbele ya dirisha la kuingilia, bila nywila, anabonyeza Shift mara tano na kupata dirisha la amri lenye mamlaka ya mfumo mzima. Hakuna faili geni hata moja kwenye mashine. Vyote viwili ni vya Microsoft, vina sahihi, na VirusTotal haina la kusema juu yake.

Kisha kuna ingizo la tatu la ufunguo huo, ambalo Afrika Mashariki huonekana sana: SppExtComObj.exe. Hiyo ni sehemu ya Windows inayoshughulika na leseni, na vile vijiprogramu vya kuamsha Windows isiyolipiwa hujipachika hapo. Antivairasi inaonya. Mteja anauliza, fundi anamjibu, usijali mama, hiyo inaogopa kivuli chake tu. Sikubaliani naye. Onyo ni la kweli neno kwa neno: kuna programu iliyoingilia sehemu ya mfumo, na mwandishi wake hajulikani. Fundi anachomaanisha ni kwamba uingiliaji huu ameutaka yeye. Na ili usisumbue, huongeza folda nzima kwenye orodha ya zisizokaguliwa, ambayo nayo ni ufunguo wa rejista: HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Defender\Exclusions\Paths. Nenda ukaangalie humo. Ukikuta C:\ yote imesamehewa, acha kubishana juu ya onyo lile la kwanza, kwa sababu skana yako imeshafungwa macho na chochote kinachokuja nyuma ya kile kijiprogramu kinapita.

Kompyuta iliyotumika, ikitoka Ulaya au Dubai na kupita mikono usiyoijua, ni hali ambayo swali la mwandishi halina jibu. Sera zilizobaki humo zinaweza kuwa za benki iliyoiuza, za shule, au za mtu mwingine kabisa. Kuipekua mstari kwa mstari ni kupoteza muda. Nakili nyaraka na picha kama zipo, acha kila .exe, futa diski, sakinisha Windows uliyoipakua kwa Microsoft wenyewe. Ni kazi ya saa chache na inaokoa ubishi wa miezi.

Ushauri huo ni kinyume pale ambapo fedha zimeshapotea, au mtu anahitaji kuthibitisha mbele ya benki au polisi kwamba si yeye aliyetuma malipo. Hapo kufuta ni kumsaidia mwizi. Zima mtandao, acha mashine kama ilivyo, na mwenye ujuzi anakili kwanza diski nzima, ikiwemo SYSTEM, SOFTWARE na NTUSER.DAT za kila mtumiaji. Saa zile za badiliko la mwisho, ambazo nyumbani zilikuwa za kukisia tu, zikiwekwa pamoja na kumbukumbu za matukio za Windows na za benki zinaweza kuonyesha ni akaunti gani ilikuwa wazi wakati ufunguo unaandikwa, na skana ikiwa imeshabonyezwa kitufe cha kuondoa, hilo halipatikani tena.